Barua kwa mwanangu aliyeko Pune

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga wazima, na baba yako anakusalimu sana.

Juzi kwenye simu uliniambia kiungulia kinakuamsha usiku. Kisha ukapitisha, kama jambo dogo, kwamba cha jioni unakula saa tano usiku, kompyuta ikiwa mbele yako. Neno hilo halijanitoka. Kwanza nenda zahanati ya chuo upimwe, kwa kuwa kiungulia kisichoisha ni cha daktari. Mimi nitasema ya kwenye sahani.

Uko India, nchi ambayo adabu za kula ziliandikwa zamani sana. Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, kinazieleza moja moja: chakula kiwe cha moto, kiwe na mafuta kidogo, kiwe cha kiasi, kiliwe pale kilichotangulia kimeshasagika, mahali panapopendeza, bila pupa wala kujikokota, bila mazungumzo wala kicheko, na akili iwe kwenye chakula.

Hilo la kungoja kilichotangulia kisagike ndilo lako hasa. Wenyewe husema tumboni mna moto, wanauita agni. Ukirundika mkaa mpya juu ya makaa ambayo hayajashika, jiko litafuka moshi tu. Unajuaje kwamba umeshasaga? Mwili unakuwa mwepesi, ukicheua husikii ladha ya chakula, na njaa inakuja yenyewe. Basi vile vibisi unavyotafuna tangu alasiri mpaka usiku, mwanangu, njaa itapata wapi nafasi? Mlo mkubwa wao huuweka mchana, jua likiwa juu, na jioni wanakula kidogo na mapema. Ukiweza kula saa moja jioni, kula saa moja.

Kiasi nacho ulishafundishwa madrasa: thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji, thuluthi ya pumzi. Charaka naye anagawa tumbo mafungu matatu, la chakula kigumu, la majimaji, na la tatu linaachiwa vata, pitta na kafa, nguvu wanazosema zinaendesha mwili. Nilipoisoma sehemu hiyo nilifurahi sana. Hizo nguvu tatu sayansi ya hospitali haijazithibitisha, wala sikutaki uziamini. Kuacha nafasi tumboni ndiko ninakokutaka.

La kutozungumza silichukui lote. Sisi ni watu wa sinia, na chakula cha pamoja kina baraka zake. Kula na wenzako, zungumzeni. Lakini kompyuta si mwenzio wa kula. Mtu anayetazama kioo hajui amemeza tonge ngapi, wala hajui ameshiba lini. Ifunge. Tafuna polepole, sikia chumvi, sikia ukali, sikia uchungu wa majani ya uwatu wanayoyapika huko.

Na usiseme chakula cha bwenini ni kigeni kwako. Ule wali na mchuzi wanaouita varan-bhaat, wenye samli juu, unapikwa kwa mbaazi zilizokobolewa, hizi hizi tunazotia nazi asubuhi, na nyingine wanazinunua kwetu, Mtwara na Lindi. Huo ndio mlo wa tumbo lililochoka. Mchana, ukimaliza, kunywa taak, yale maziwa ya mtindi yaliyozimuliwa maji na kutiwa jira. Mtindi wenyewe usile usiku, Charaka anaukataza. Kisha usiangukie kitandani. Sushruta, mganga mwingine wa kale, anasema ukishakula tulia kwanza, halafu tembea hatua mia, ndipo ulale kwa ubavu wa kushoto.

Vidonge vya Ayurveda vya dukani usiguse, hata muuzaji akiapa ni majani matupu. Watafiti waliotoa ripoti yao mwaka 2004 walipima dawa 70 za Ayurveda zilizotengenezwa Asia Kusini na kuuzwa madukani Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Jira na tangawizi za jikoni zinakutosha.

Nijulishe daktari amesema nini. Ijumaa nikipiga simu nitakuuliza umekula saa ngapi, nawe usinifiche.

Mama yako akupendaye