Malalamiko ya Kukataliwa Malipo ya Kulazwa kwa Mama Yangu

Meneja wa Madai,
Kampuni ya Bima ya Afya,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KULAZWA YALIYOKATALIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu alilazwa kwa nimonia. Barua yenu inasema hamlipii wodi wala oksijeni kwa sababu hakuwa na homa, presha yake ilikuwa nzuri, na alitoka hospitali akitembea mwenyewe, hivyo angetosha kutibiwa kama mgonjwa wa nje. Sh 412,000 nimezilipa mimi, kwa mkopo wa kikoba.

Usiku ule nilikuwepo idara ya dharura. Mama ana miaka 71, tulimleta kutoka Makete kwenye baridi ya Juni. Daktari alimwekea mkono kifuani, akaitazama saa yake dakika nzima bila kusema neno, akaandika pumzi 34. Presha ilisoma 104 kwa 58. Alipomuuliza yuko wapi, mama akajibu yuko shambani anavuna viazi, na mimi akaniita kwa jina la marehemu dada yake.

Yote hayo yamo kwenye faili mliyopelekewa. Kwa nimonia, madaktari wana kipimo kinachoitwa CURB-65: alama moja kwa kuchanganyikiwa, moja kwa urea (taka ya mwili inayopimwa kwenye damu) kupanda, moja kwa pumzi kuanzia 30 kwa dakika, moja kwa presha ambayo namba yake ya juu iko chini ya 90 au namba yake ya chini haizidi 60, na moja kwa umri kuanzia 65. Ukifika tatu, ugonjwa ni mkali. Mama alikuwa na nne kabla majibu ya urea hayajatoka. Mhakiki wenu aliona 104 akaridhika. Ile 58 sijui aliipitaje. Na kuhusu homa, mzee anaweza kuwa na nimonia nzito bila mwili kuchemka.

Msidhani daktari yule alikuwa analaza kila mtu. Kitanda cha jirani, pazia tu likitutenganisha, kijana wa bodaboda aliambiwa naye ana nimonia, akaandikiwa vidonge akarudi kwake usiku huo huo. Sisi tuliulizwa kwanza nyumbani kuna nani na kuna umbali gani. Nyumbani kwa mama ni ng'ambo ya Kitulo, na anaishi peke yake.

Alitoka akitembea kwa sababu alilazwa. Ninyi mmeisoma faili kuanzia ukurasa wa mwisho. Daktari usiku ule alikuwa na ukurasa wa kwanza tu.

Sipingi uhakiki. Zipo hospitali zinazolaza watu ili bili inone, na makato yetu wanachama ndiyo yanayoliwa. Hizo zibaneni.

Naomba madai haya yapitiwe upya na daktari, si karani, nirudishiwe fedha zangu, na niandikiwe ni vigezo gani mlivyotumia kuamua kwamba hakustahili kulazwa. Mkishikilia msimamo wenu, nipeni uamuzi wa mwisho kwa maandishi ili niupeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nimeambatanisha nakala ya fomu ya dharura, risiti na barua yenu.

Wenu,
Mwanachama,
Uyole, Mbeya.