Pesa za Matuta Zipo Serikalini, Sisi Tunaomba Nauli za Makocha

Ndugu, jamaa na marafiki wa Kilifi, mlio hapa na mlio mbali,

Tunajua kadi za harambee zimewachosha. Wiki haipiti bila ya matanga, ya karo au ya bili ya hospitali, na hizo zote ni za haki. Kwa hiyo tuanze na tusichokiomba. Hatuombi mabati, saruji, tangi la maji wala madawati. Tunaomba shilingi 450,000 za kuwawezesha wanafunzi 24 wa vyuo kuwa makocha wa vikundi 12 vya vijana wa umri wa miaka 12 hadi 17, kwa mwaka mmoja wa masomo. Kila kikundi kitachagua tatizo moja la mahali kinapoishi na kulifuata mpaka kwa mwenye mamlaka nalo. Kocha hatalitatua. Kazi yake ni kuuliza maswali, kukumbusha ahadi na kuzuia mikono yake.

Mzee mmoja wa kamati yetu alipoona bajeti alikuna kichwa. "Hizi zote ni nauli na chapati? Si bora tununue tangi, watu walione?" Ni swali la haki na huenda nawe unalo, kwa hivyo tutalijibu kwa urefu.

Tangi lina pesa zake tayari. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, lakini hesabu zake huanza mapema sana: mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, taarifa ya sera ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo sheria inataka mwananchi aulizwe. Katiba ya 2010, Ibara ya 196, inaliagiza bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikatenga sehemu nzima kwa elimu ya uraia. Basi tangi, choo cha soko na taa za barabarani hugombaniwa katika vikao hivyo, na anayepata ni aliyefika na karatasi yake mkononi. Sisi wengine tunachanga mara mbili: mara ya kwanza kwa kodi na ushuru, mara ya pili kwa harambee, na kitu ni kilekile kimoja.

Nani hufika? Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha maoni ya umma anazijua sura. Wazee walewale, wenyeviti wa vikundi vilevile, na nyuma kabisa vijana wawili watatu waliokuja kwa sababu walisikia kuna soda. Hati ni nene, ya Kiingereza, na imejaa majedwali. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuisoma. Kijana wa Gredi ya 8 anaweza kusema ni kisima gani hasa kimekauka na tangu lini. Wakikutanishwa hao wawili, kikao hubadilika.

Mwaka jana tulijaribu kwa vikundi vitatu, kwa pesa za mifukoni mwetu. Tutawasimulia kimoja tu, kwa kuwa ndicho kilichotufundisha zaidi.

Vijana wa kikundi hicho huvuka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi kila asubuhi kuingia shuleni, wakiwa wamewashika wadogo zao mikono. Walitaka matuta. Kocha wao alikuwa mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu, kijana mwenye moyo, na moyo huo ndio uliomponza. Vijana walipochelewa kuandika barua, aliiandika mwenyewe usiku, kwa Kiingereza kilichonyooka, nao wakatia sahihi. Walipofika katika ofisi ya kwanza, afisa aliisoma na kuuliza jambo dogo: mnataka matuta, au mnataka kivuko cha miguu? Wote wakamgeukia kocha. Kocha akajibu. Afisa akaendelea kuzungumza na kocha mpaka mwisho, na vijana wakabaki kuitazama feni.

Kila mkutano wetu huisha kwa tathmini, kila mtu anasema neno lake bila kukatizwa. Siku ile msichana mmoja alisema, "Kocha, ile barua ilikuwa yako." Kocha huyo ametuambia kwamba katika miaka mitatu ya chuo hakuna mtihani uliomuuma kama sentensi hiyo.

Wakaanza upya. Waliandika ubaoni: barabara hii ni ya nani? Ilikuwa kazi ya wiki kadhaa. Waligundua kwamba barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya serikali ya kitaifa, za mashambani chini ya KeRRA, za mijini chini ya KURA, na nyingine ni za kaunti. Yaani hata gavana angependa namna gani, tuta kwenye barabara ile si lake kuliweka. Watu wazima wangapi wanajua hilo? Tumewaona watu wakimzomea mwakilishi wa wadi kwa shimo lililo kwenye barabara ya serikali ya kitaifa, naye akiwaahidi kulifukia, na pande zote mbili zikienda nyumbani zimeridhika.

Kisha wakasimama kando ya lami saa ya kuingia shule wakahesabu wanaovuka. Wakazungumza na waendesha bodaboda, ambao hawakutaka matuta hata kidogo, na wakazungumza na mama muuza mahamri, ambaye aliyataka kwa sababu magari yakipunguza mwendo yeye huuza. Hapo vijana walionja siasa ya kweli: watu wanaokupinga wana sababu zao, na wengine wanakuunga mkono kwa sababu ambazo si zako. Barua ya pili waliiandika wao, kwa Kiswahili, ambacho Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Waliomba kujua ni mipango gani iliyopo kwa kipande kile cha barabara, wakitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu.

Matuta bado hayajawekwa. Tunalisema wazi ili asije mtu akatuuliza siku ya harambee. Kilichopatikana ni mapatano na wale wale bodaboda waliokuwa wakipinga: asubuhi za siku za shule, mmoja wao husimama na kibao chekundu watoto wavuke. Pia wamepatikana vijana kumi wanaoijua njia ya ofisi hadi ofisi, na mwalimu mtarajiwa mmoja ambaye hatamwandikia tena mwanafunzi wake barua.

Huyo mwalimu ndiye tunayemchangia, na hili ndilo ambalo mzee wetu wa kamati hakuliona mara moja. Ukimfundisha mwanachuo demokrasia kwa mihadhara, ataandika insha nzuri na kupata alama zake. Mweke kocha kwa mwaka mzima, ajifunze kusimama nje ya mstari wakati timu yake inafungwa na asiruke uwanjani, na atakuwa afisa, mwalimu au mbunge wa aina nyingine. Wengi wa makocha wetu wanasomea ualimu, na mtaala mpya umeleta somo la kujifunza kupitia huduma kwa jamii katika sekondari ya juu. Nani atalifundisha, kama si mtu aliyewahi kufanya?

Njia hii hatukuibuni sisi. Ilianza 1990 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya Harry Boyte, kwa jina Public Achievement, na baadaye ikahamia chuo cha Augsburg, mjini Minneapolis. Wanachuo huenda shuleni kila wiki kuwa makocha wa vikundi vya watoto, kisha hukaa pamoja kujadili yaliyotokea. Katika shule ya St. Bernard's mjini St. Paul, watoto walitaka uwanja wa kuchezea, majirani wakakataa wakihofia magenge, na kazi ya kuwashawishi ikaenda miaka. Boyte alipokuwa kijana alifanya kazi katika jumuiya ya Martin Luther King, ambayo iliendesha shule za uraia Kusini mwa Marekani. Ya kwanza kati ya shule hizo ilifunguliwa Januari 1957 katika kisiwa cha Johns, Carolina Kusini, ambako watu weusi walinyimwa kura kwa kisingizio kwamba hawawezi kusoma katiba ya jimbo. Mwalimu wake, Bernice Robinson, alikuwa msusi wa nywele. Hakuingia na silabasi. Aliwauliza wanafunzi wake, watu wazima wa mashambani, wanataka kujifunza nini, akaanzia hapo. Tunaipenda habari hiyo kwa sababu inatuonyesha kwamba kazi hii haingoji profesa.

Na kwa nini sasa? Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha kuliko waheshimiwa wengi waliokuwa wakiupigia kura, wakaueleza mitandaoni hata kwa lugha za nyumbani. Juni 25 waliingia barabarani, damu ikamwagika, na siku iliyofuata rais akatangaza hatautia sahihi. Hakuna mtu atakayetuambia tena kwamba vijana hawajali. Lakini mswada ule ulikuwa wa Nairobi. Kila kaunti ina sheria yake ya fedha, ushuru wa soko na ada ya leseni ya kibanda viko humo, na Februari na Aprili viti vya vikao vyetu vya wadi bado vina nafasi. Halafu Agosti 10, 2027 kuna uchaguzi mkuu. Kufikia wakati huo pesa za kampeni zitakuwa zimeshaanza kutafuta vijana wa kubeba mabango na wa kuvuruga mikutano. Tungependa ziwakute wana shughuli.

Jambo la wanasiasa tulimalize hapa. Harambee hii haina mgeni wa heshima. Tunajua kwamba tangu mwito wa Mzee Kenyatta wa 1963 harambee zilijenga shule za sekondari ambazo baadhi yetu tulisomea, na tunajua pia jinsi zilivyogeuka jukwaa la kutupia mabunda. Julai 2024 rais aliagiza maafisa wa serikali wasishiriki tena michango ya umma. Sisi tunakwenda mbele kidogo: hatutapokea mchango wa mtu yeyote anayewania kiti 2027, hata akiutuma kwa jina la mkewe. Mtaani hapa tunajuana.

Sasa hesabu. Makocha watakwenda wawili wawili kwa kila kikundi, mara moja kwa wiki, kwa wiki 30. Nauli ya kwenda na kurudi tumeiweka shilingi 200 kwa kila mmoja, na hiyo inafika 144,000. Chakula cha mchana kwa shilingi 150 ni 108,000. Chapati na maharagwe, mzee, hakuna pilau. Mafunzo ya siku nne kabla ya kuanza, pamoja na ukumbi na wawezeshaji, ni 96,000. Safari za vikundi kwenda maofisini tumezitengea 60,000, na wasioijua kaunti yetu wafahamu kwamba makao ya serikali yako Kilifi lakini bunge la kaunti liko Malindi, kwa hivyo kijana anayetaka kuwasilisha ombi lake bungeni ana safari ya kweli mbele yake. Zilizobaki, 42,000, ni za chati, kalamu na hasa kutoa nakala, maana hati za bajeti zinakula karatasi.

Kocha halipwi mshahara wala posho. Kijana naye halipwi kuhudhuria. Tumeshauriwa na watu wazuri kwamba bila posho hawatakuja. Mwaka jana walikuja.

Wazazi wasiwe na hofu. Kila kijana anaingia kwa barua ya mzazi au mlezi, kila kocha analeta cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na mikutano inafanyika shuleni, mahali pa wazi, makocha wawili wakiwepo. Vikundi viwili kati ya 12 tumevitenga kwa vijana walioacha shule, na hao tutakutana nao katika ukumbi wa kanisa na katika madrasa, ambako maimamu na wachungaji wametukubalia bila malipo.

Wanachama wetu wenyewe wameshachanga 87,000. Zimebaki 363,000. Shilingi 350 zinamhudumia kocha mmoja kwa wiki moja, nauli na chakula. Shilingi 10,500 zinambeba mwaka mzima, na tayari kuna chama cha akina mama kilichoamua kuchukua makocha wawili. Ndugu zetu mlio Doha, Dammam na kwingineko katika Ghuba, mmekuwa mkitutumia kwa kila msiba na kila arusi. Safari hii tunawaomba mchague kocha mmoja, naye atawatumia ujumbe wa sauti kila mwisho wa muhula aeleze kikundi chake kimefika wapi, hata kama kimekwama.

Asiye na pesa ana kitu. Tunahitaji mtu mwenye mashine ya kutoa nakala atakayetupunguzia bei, mstaafu wa serikali aliyewahi kuandaa bajeti na anayeweza kukaa na makocha jioni moja akawafundisha kusoma majedwali, na gunia la maharagwe.

Nambari ya kutuma mchango imechapishwa kwenye kadi, pamoja na jina la akaunti ya kikundi. Ikiwa jina linalotokea kwenye simu yako halifanani na la kadi, usitume, tuulize kwanza. Kila mchango utaandikwa kwenye karatasi itakayobandikwa ubaoni nje ya ofisi ya chifu, na matumizi yatabandikwa pembeni yake kila muhula. Vijana wa kikundi cha barabara ndio watakaokagua hesabu hizo. Waliomba wenyewe, na mweka hazina wetu ameanza kutunza risiti kwa bidii ambayo hatukuijua kwake.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule. Vikundi vitatu vya mwaka jana vitaeleza kazi yao kwanza, na mtakuwa na nafasi ya kuwauliza maswali magumu. Mnada wa kuku utaanza saa saba. Anayenuia kuleta mbuzi atuarifu mapema, maana mwaka jana mmoja alikula chati mbili kabla hajanunuliwa.

Kamati ya maandalizi