Mgeni kaendesha, deni limebaki kwenye gari langu. Nimkate dhamana?

Anti, shikamoo.

Naandika kutoka Dodoma, Nkuhungu. Nina gari moja la kukodisha, RAV4 ya siku nyingi lakini iliyotunzwa. Tangu serikali ihamie huku wageni wameongezeka, na wengi wao hawataki dereva, wanataka ufunguo. Nawapa. Wanachukua kwa wiki au kwa mwezi, wanakwenda nalo Kondoa, Manyoni, Mpwapwa, wengine mpaka Iringa kwa njia ya Mtera. Mafuta juu yao, bima na sevisi juu yangu. Si biashara ya kujisifia, ila ada za shule zinatoka humo.

Shida yangu ni faini za trafiki.

Juzi nilikuwa naendesha mwenyewe, nampeleka mama mkwe Hospitali ya Benjamin Mkapa. Trafiki akanisimamisha, salamu, leseni, kisha akaingiza namba ya gari kwenye mashine yake. Akaniangalia kwa huruma kidogo: "Mama, gari inadaiwa." Makosa matatu, elfu thelathini kila moja, tisini elfu, na juu yake nyongeza ya kuchelewa kulipa. Mawili ni ya mwendokasi, moja ni la kutosimama kwenye zebra. Tarehe zote zilikuwa za ule mwezi ambao gari lilikuwa kwa Mjerumani mmoja anayefanya kazi kwenye mradi wa maji. Nikalipa palepale kwa simu, maana mgonjwa alikuwa siti ya nyuma na jua la Dodoma unalijua. Askari yule sina neno naye, hata kivulini aliniruhusu niegeshe.

Nilipompigia mgeni wangu hakunifokea. Ni mtu mpole, na gari huwa analirudisha limeoshwa. Ila alikataa kulipa, na sababu zake ndizo zinazonivuruga, kwa sababu si za kijinga.

La kwanza aliuliza, picha iko wapi? Akanieleza kwamba kwao Ujerumani kamera inapiga namba ya gari pamoja na uso wa dereva. Barua inakuja kwa mwenye gari kumuuliza ni nani aliyekuwa anaendesha, na anayelipa ni yule aliyeshika usukani. Uso ukiwa hauonekani, kesi inakuwa na utata. Sasa Anti, huku kwetu unajua ilivyo. Trafiki mmoja yuko chini ya mwarobaini na tochi ya kupima mwendo, mwenzake yuko mbele huko na simu. Picha inarushwa kwa WhatsApp, ukifika unaonyeshwa: gari lako hili, namba hii, spidi hii, saa hii. Uso haumo na wala hautafutwi, kwa kuwa dereva mwenyewe kasimamishwa, yupo hapo. Baada ya hapo, akiondoka bila kulipa, ukitafuta kwenye mfumo kwa leseni yake ya Ujerumani hupati kitu. Ukitafuta kwa namba ya gari langu, deni hilo hapo. Yeye anasema sheria ya namna hiyo inamwonea mwenye gari, kwa hiyo nilalamikie serikali yangu. Nikamwambia baba, serikali yangu nitailalamikia, lakini aliyekanyaga mafuta ni wewe.

La pili ni kibao cha 50, kile cha kikomo cha mwendo kijijini. Anaapa kwamba kijiji kilikuwa kimeisha. Namwamini. Hiyo barabara ya Dodoma kwenda Babati tangu lami yake izinduliwe mwaka 2018 imekuwa ya kuteleza tu, kilomita 251, na ukitoka kwenye kijiji nyumba zinakatika ghafla, unabaki na mbuyu na mbuzi. Mgeni anaona uwazi, anaongeza. Kumbe kibao cha kufuta 50 kiko mbele zaidi, na kati ya nyumba ya mwisho na kile kibao ndipo tochi inapokaa. Madereva wetu wanapajua kama vyumba vya nyumba zao, tena wanapigiana taa kuambiana. Huyu bwana ananiambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba kila mtu aliyekuwa anatoka mbele alimpigia taa, akadhani taa zake mwenyewe zinawaumiza macho, akazizima! Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nimempigia kumdai.

La tatu ndilo zito. Kosa la zebra anasema alishalilipa.

Hana M-Pesa wala Airtel Money, laini anayotumia ni ya kwao. Aliposimamishwa akaandikiwa, akapewa karatasi yenye kontroo namba ya kulipia. Hakujua aifanyie nini. Pembeni palikuwa na kijana, anavyosema "aliyekuwa amesimama na askari", akamwambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba atamlipia. Mgeni akatoa elfu thelathini taslimu, kijana akabonyeza simu, wakaagana vizuri tu. Karatasi ameitunza mpaka leo, akaniletea kwa furaha kama ushahidi. Anti, ile si risiti. Ile ni hati ya kudaiwa! Ina jina la kosa, kiasi na namba ya kulipia, na yeye hasomi Kiswahili, kaiona ina mhuri wa kiserikali akaridhika. Meseji ya muamala hakuiomba. Kwenye mfumo kosa lile lilikuwa halijalipwa mpaka siku niliyolilipa mimi.

Nani alikula ile pesa? Inawezekana kijana alikuwa wakala wa kweli na muamala ukafeli. Inawezekana alikuwa mjanja tu wa barabarani aliyeona mzungu amekwama. Na inawezekana ni lile tunalolifikiria wote. Mimi sikuwepo, sitamtia mtu hatiani kwa kuhisi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaendesha Fuso ya kubeba mahindi kutoka Kibaigwa. Yeye hana shaka hata kidogo. Anasema hiyo ni rushwa, na kwamba kosa la mgeni ni kulipa bei kubwa. Ushauri wake ni kwamba nikimpa mtu gari nimfundishe kuweka elfu kumi ndani ya leseni, "mambo yaishe hapo hapo, shemeji, mfumo hausomi kitu." Nikamjibu elfu kumi ni faini halali ya bodaboda na bajaji tangu bajeti ya 2021, ya gari ni elfu thelathini, kwa hiyo anachoniambia ni kununua punguzo. Akanicheka. Lakini nitamwambiaje mgeni wa watu akunje noti kwenye leseni? Siku akikutana na askari anayesimamia kazi yake, atakamatwa ugenini, na kwa sheria ya rushwa ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wamo. Halafu akiulizwa nani kamfundisha, atanitaja mimi.

Wapo na wa upande mwingine. Kuna mama mmoja wa Uholanzi niliwahi kumpa gari, yeye aliamini kila trafiki anayesimamisha mgeni anatafuta hela ya soda. Alipoandikiwa akakataa kata kata, akadai apelekwe mahakamani. Haki hiyo ipo, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimlazimishi mtu kukubali kosa asilolitenda. Ila yeye alikuwa kapita mstari mzima usioruhusu kuovateki, na alikuwa na ndege kesho yake. Mwisho alilipa, amenuna, gari limeshinda juani mchana kutwa. Wakenya ndio hawanisumbui. Kuendesha upande wa kushoto wa barabara wamezoea kama sisi, Kiswahili wanacho, wanabishana na trafiki mpaka trafiki mwenyewe anacheka.

Sasa turudi kwa Mjerumani. Ninayo dhamana yake, laki mbili, ambayo mkataba unasema ni kwa ajili ya "uharibifu wa gari". Faini haikutajwa, mkataba wenyewe nimeurithi kwa mtu aliyekuwa kwenye biashara hii kabla yangu, na wote hapa mjini tunatumia huohuo. Mume wangu anasema kata tisini na ile nyongeza, mrudishie inayobaki, mpe na nakala za malipo. Binti yangu aliyesoma sheria kidogo chuoni anasema nikikata kwa sababu isiyoandikwa naweza kushtakiwa mimi. Mgeni mwenyewe amekubali kulipa kosa moja la tochi, lile alilokumbuka. La pili anasema hakumbuki kusimamishwa. Na kweli tarehe ile yeye mwenyewe aliniambia gari alimwachia mfanyakazi mwenzake, Mbelgiji, aende nalo Bahi. Mbelgiji huyo kashaondoka nchini.

Na juu ya hayo yote, afisa usafirishaji wa ofisi yao amenipigia. Sauti ya upole, maneno ya chuma. Kwamba nisiwe "msumbufu kwa wageni", kwamba magari ya kukodi Dodoma hayajaisha. Ofisi ile ndiyo inayoniletea wateja wengi. Mwenzangu mmoja wa biashara hii anasema elfu tisini ni gharama ya kawaida, nizimeze, nipandishe bei ya siku kidogo, mgeni ajaye azilipe bila kujua. Mimi hilo limenikaa vibaya. Kwa nini mtu anayeendesha taratibu alipie mguu wa mwingine?

Nimefikiria mambo ya mbele, naomba uyapime. Nataka kuongeza kifungu kwamba faini zote za kipindi cha kukodi ni za aliyekodi, awe yeye au aliyempa usukani, na kwamba dhamana inarudi baada ya mimi kuangalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Wasiwasi wangu ni muda: deni la leo nitaliona, je la kijijini lililoandikwa asubuhi ya siku anaporudisha? Nimshikilie pesa siku ngapi asione namdhulumu? Binti anasema niwape wageni simu ndogo yenye laini na salio la kulipia. Hapo nimegoma, laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, siwezi kumkabidhi nisiyemjua. Afadhali wanitumie picha ya kontroo namba, nilipe mimi, niwarudishie meseji ya muamala wamwonyeshe askari. Ila mimi si benki, kuna siku simu yangu haina hata elfu tano. Wale wanaokaa mwaka mzima nimewaza niwashauri wabadilishe leseni zao ziwe za Tanzania, makosa yaingie kwa majina yao, lakini nani atakubali kuzunguka polisi na TRA kwa faida ya mama mwenye RAV4?

Ninachoomba unisaidie kwanza ni hiki cha sasa. Nimkate lile alilolikubali tu, au na la Mbelgiji pia, maana gari nilimkabidhi yeye? Na lile la zebra, ambalo kwa moyo mweupe alitoa elfu thelathini yake, ni haki kumtoza mara ya pili, au hasara tugawane? Je, nimsindikize akaripoti kwa namba 113 ya TAKUKURU ingawa hatujui kama ni rushwa au utapeli, au hilo ni la kupeleka polisi tu? Yeye mwenyewe yuko tayari kueleza, karatasi anayo, tarehe na saa zimeandikwa. Anayeogopa ni mimi, kwa kuwa yeye mkataba wake ukiisha anapanda ndege, gari langu na namba yake litaendelea kupita barabara zilezile kila wiki.

Anakuja Jumamosi kuchukua dhamana. Naomba unijibu kabla ya hapo, Anti, hata kwa kifupi.

Mama wa RAV4,
Nkuhungu, Dodoma