Mnyama wa kuchekesha kwenye picha ya mtoto: chagua programu ukiikumbuka karatasi

Shule zikifungwa, kazi inayotujia zaidi hapa kwenye duka letu la kuchapa picha ni picha za watoto wenye masikio ya mbwa, masharubu ya paka, au simba aliyeketi sebuleni. Twaipenda kazi hii. Kinachotuuma ni mteja kuona picha inang'aa kwenye simu, kisha itoke chapa imefifia na kuchakaa, naye amelipa.

Juzi mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni na mwanawe wa miaka sita. Alitaka picha kubwa, ya karatasi ya A3, ya kutia fremu, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alikuwa amempiga picha mtoto pale bustani ya Mama Ngina, jua la alasiri, mtoto kashika pakiti ya mabuyu na midomo imeiva wekundu. Filta ilikuwa imempa masikio ya sungura. Nilipoikuza kwenye kompyuta, kingo za masikio zilikuwa na vidato kama ngazi, na nyusi za mtoto zimelainishwa hadi karibu zipotee.

"Mbona kwa simu yaonekana sawa?" akaniuliza.

Filta za namna hii, zinazomfuata mtu uso akigeuka, mara nyingi huhifadhi picha kwa kipimo cha skrini, kama pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1080 kwa 1920. Ukichapa inchi 4 kwa 6, inatoka safi. A3 ina upana wa karibu inchi 12, kwa hivyo kila inchi inapata nukta chini ya 100. Sisi twataka 300, na hatupendi kushuka chini ya 200. Picha ya kawaida ya kamera ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000, na kwenye A3 inatoa nukta 240 hivi kwa inchi. Hiyo yatosha.

Kwa hivyo Snapchat, iliyoleta lenzi zake (ndizo filta zake) Septemba 2015, na filta za Instagram na TikTok, ni za kucheka na kutumiana. Kwa furaha ya papo hapo sioni kinachozishinda. Ila ukizitumia, piga na picha nyingine tupu, bila filta, dakika hiyo hiyo.

Kwa chapa kubwa, tafuta programu ya stika, yaani vipicha vya kubandika juu ya picha yako. Picsart, iliyoanza 2011, hukuwezesha kufungua picha uliyokwisha kuipiga, ukamweka mnyama juu yake, ukafuta kingo kwa kidole na kumpunguzia uzito wa rangi. Baadhi ya stika ni za kulipia, na matangazo hayakosi. Kabla ya kuhifadhi, tazama kwenye mipangilio ukubwa wa picha itakayotoka.

Google nayo ilileta wanyama wa pande tatu mwaka 2019: ulitafuta chui, kisha ukamwona amesimama kwenye zulia lako kupitia kamera. Watoto walipiga kelele kwa furaha, lakini si kila simu iliiweza, na ukubwa wa picha ulikuwa ule ule wa skrini.

Lakini mnyama bora, kwa maoni yangu, ni uliyempiga wewe mwenyewe. Haller Park iko hapo Bamburi, mahali ambapo mtoto wa kiboko Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alishikamana na kobe Mzee kama mama yake. Kuna twiga wanaolishwa mkononi. Mnyama aliyepigwa kwa jua letu hukaa vizuri na mtoto aliyepigwa kwa jua letu. Stika nyingi zimeangazwa kutoka kila upande, ndiyo sababu huonekana zimebandikwa.

Programu ya kupamba picha haina haja na orodha ya majina kwenye simu yako. Ikiiomba, ikatalie. Picha za watoto wetu si za kugawa ovyo.

Na ukituletea kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida hupunguzwa, na kazi yote yaharibika njiani.

Yule mama, kwa bahati, alikuwa na picha tupu ya mtoto, na nyingine ya twiga aliyempiga Haller Park, ulimi nje, akitaka chakula. Jua la twiga lilitoka kushoto, la mtoto kulia. Tukamgeuza twiga, tukamkata taratibu kuzunguka pembe na nywele za shingo, tukatia kivuli chepesi juu ya fulana ya mtoto, na ule ulimi tukauelekeza kwenye pakiti. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, mtoto aliishika kwa mikono miwili.

"Mama! Twiga ala mabuyu yangu!"