Shukrani kwa mama wa nyuzi, Kibuye

Wateja walikuwa wananirudishia bangili za uzi ninazotengeneza. Uzi wa nailoni huteleza, fundo linafunguka, mtoto anabaki mkono mtupu. Nilishaanza kutafuta wa kuninunulia nyuzi zilizobaki nyumbani.

Jumapili moja, soko la Kibuye limefurika, nikamweleza mama anayeuza nyuzi na vifungo. Hakuniuzia kitu. Alinivutia kigoda, akachukua bangili yangu, akakaza fundo la mwisho kwa meno (hilo mimi bado sijaliweza), akakata ncha akiacha kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kisha akawasha kiberiti cha gesi, akasogeza ncha kando ya moto, si ndani, hadi ikayeyuka ikawa kijidonge, akakigandamiza kwa chuma cha kiberiti. Akavuta kwa nguvu. Wapi! Uzi wa pamba usijaribu, akaniambia, huo unaungua tu.

Akanisimamia nikafanya mwenyewe, wateja wake wakinuna pembeni. Pesa ya soda akakataa. Wenye vibanda, anayeanza akiwauliza, mpeni hata dakika chache.

Mama, bangili hazirudi tena. Nitakuletea moja yenye rangi za kitambaa chako. Ukiikataa na hiyo, tutagombana.