Shukrani kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam

Kaka, jina lako sikulishika, lakini Mercedes 240D ya mzee wangu, ile ya toleo la W123 ya mwaka 1982, inatembea kwa sababu yako. Injini ikishapata moto, mshale wa presha ya oili ulikuwa unalala karibu na sifuri. Mafundi wengine walishasema injini ishushwe, na bei wakaitaja bila hata kuipima!

Wewe uliuliza kwanza: ukikanyaga mafuta, mshale unafika ba 3 (ba ni kipimo cha presha)? Haukufika. Ukatoa geji yako ya kupimia, ukaifunga kwenye njia ya oili. Injini ikinguruma polepole ilisoma zaidi ya ba 1, na ulipokanyaga ikapita 3. Kumbe injini ni nzima, mgonjwa ni geji ya dashibodi. Ya gari hili haitumii umeme. Oili yenyewe hupanda kwa mrija mwembamba hadi kwenye dashibodi. Ukakaza kiungo kilichovuja, ukauchomoa mshale taratibu, ukaurudisha ulingane na geji yako, kisha ukapima tena.

Ukapokea hela ya soda tu. Mzee anakusalimu sana. Anasema ukipita Ilala, pilau ipo.