Hondohondo wa mringaringa

Old Moshi, Jumapili jioni

Baba Rehema,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Nimekaa kimya najua, na ile hela yako usiitaje, mwisho wa mwezi nitakutafuta. Leo kuna jambo.

Unaukumbuka mringaringa wa babu, ule wa kando ya mfereji? Bamdogo anataka kuuangusha apate mbao za milango. Watu wa msumeno wameshakuja kupima. Na humo ndani kuna hondohondo jike, amejiziba tunduni kwa udongo, umebaki ufa kama wa sanduku la sadaka. Dume anamlishia hapo hapo, anacheua tunda moja moja kutoka kooni. Nimemwomba Bamdogo asubiri kinda atoke. Kanijibu, "Ndege ana mabawa, atahama." Mabawa, na mtu kajifungia ndani!

Ndipo nikamkumbuka yule Moreau wenu wa Amani, Mwingereza mtafiti wa ndege. Nimemsoma. Kumbe mhasibu mwenzangu! Alikuwa kwenye ukaguzi wa hesabu za jeshi Cairo, 1928 akaja huko Usambara kwenye kituo cha utafiti kilichoachwa na Wajerumani, akakaa hadi 1946. Na ndege nao akawafungulia vitabu: aliweka watu chini ya kiota kutwa nzima, ndege akiingia inaandikwa, akitoka inaandikwa. Hondohondo dume mmoja amewahi kukadiriwa kuleta matunda 24,000 kwa safari 1,600, ndani ya siku 120.

Nikasema nijaribu. Jana saa kumi na mbili na nusu niko chini ya mti na daftari la SACCOS. Kufika saa tatu nina safari nne, shingo imekakamaa, siafu wako ndani ya suruali. Ya tano sijui ilikuwa ya tano au ya sita, maana Mama Neema alipita na ule mchango wa harusi, unamjua akianza. Mkaguzi angenifukuza kazi.

Kwa hiyo Moreau simwonei wivu. Nawawaza waliokaa pale chini. Winifred, mkewe, ana ndege wake wa Uluguru mwenye jina lake tangu 1938. Salimu Asmani, msaidizi aliyezunguka msituni akimtafutia Moreau ndege, mimi nimemkuta kwenye mistari miwili tu. Mistari miwili, Baba Rehema, na shingo yangu bado inauma kwa asubuhi moja.

Ukienda Muheza Idi hii, utaniulizia? Yule mzee wenu wa kule juu Amani bado yupo? Kuna wa ukoo wa Salimu anayejulikana? Wale wa chini ya kiota walikuwa wanalipwaje, kwa siku au kwa mwezi? Na saa walikuwa wanaitazama wapi?

Halafu Bamdogo anakuheshimu wewe, mimi ananiona mtoto. Utampigia kabla ya Alhamisi? Msumeno unarudi Alhamisi.

Wako,
Baba Eliya